William Wilberforce: Mbunge Aliyeshindwa kwa Neno "Taratibu"

William Wilberforce alizaliwa tarehe 24 Agosti 1759 mjini Hull, bandari ya kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wafanyabiashara wenye uwezo. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1780, akiwa na miaka 21 tu, wananchi wa Hull walimpeleka Bungeni. Miaka minne baadaye akawa mbunge wa Yorkshire, jimbo kubwa lenye sauti nzito. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye afya dhaifu na ulimi mtamu. Rafiki yake wa karibu, William Pitt, alikuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 24.

Kati ya mwaka 1785 na 1786 moyo wake uligeuka. Alianza kusali na kusoma Maandiko kwa bidii, akajiuliza kama Mkristo wa kweli anaweza kubaki katika siasa. Alikwenda kwa John Newton, mchungaji Mwanglikana ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwa kuwa Mungu anaweza kutumikiwa hata pale. Ushauri huo unatuhusu hata sisi Wakatoliki, ingawa Wilberforce hakuwa wa Kanisa letu. Wakati huo Wakatoliki wa Uingereza hawakuruhusiwa kabisa kuwa wabunge. Mlango ulifunguliwa mwaka 1829. Wilberforce alikuwa miongoni mwa waliotetea wafunguliwe mlango huo.

Mwaka 1787 kikundi cha Wakristo, wengi wao wa madhehebu ya Quaker, kiliunda kamati mjini London ili kupinga biashara ya watumwa. Thomas Clarkson alizunguka bandarini akikusanya ushahidi: pingu, vyombo vya mateso, maelezo ya mabaharia. Walihitaji mtu wa kuusemea ushahidi huo Bungeni, naye Wilberforce akakubali. Tarehe 12 Mei 1789 alizungumza kwa zaidi ya saa tatu. Wapinzani wake walitumia mbinu ya kuchelewesha. Waliomba ushahidi zaidi usikilizwe kwanza, na muda ukapita.

Mwaka 1791 hoja yake ilipigiwa kura. Waliounga mkono walikuwa 88, waliopinga 163. Mwaka uliofuata alirudi, na safari hii maelfu ya wananchi walikuwa wametia sahihi maombi ya kuikomesha biashara hiyo. Ndipo Henry Dundas, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliposimama na kupendekeza neno moja liongezwe: biashara ikomeshwe taratibu. Hoja ilipita kwa kura 230 dhidi ya 85. Kwa hesabu ulikuwa ushindi mkubwa, lakini meli ziliendelea kuvuka Atlantiki zikiwa zimejaa watu. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu nia ya Dundas. Matokeo hayana ubishi: Baraza la Malodi liliahirisha jambo hilo, na neno lile likawa kimbilio la kila aliyetaka kuonekana mwema bila kupoteza faida.

Wilberforce aliendelea kuleta hoja. Mwaka 1793 alishindwa kwa kura 8. Mwaka 1796 alishindwa kwa kura 4 tu, 70 dhidi ya 74, na baadhi ya wabunge waliotarajiwa kumuunga mkono walikuwa wamekwenda kutazama opera usiku huo. Mwaka 1804 muswada wake ulipita katika Baraza la Makabwela ukakwama kwa Malodi. Mwaka 1805 ukaanguka tena. Hatimaye, tarehe 23 Februari 1807, wabunge 283 walisema ndiyo na 16 tu wakasema hapana. Wenzake walisimama kumshangilia naye akalia. Mfalme aliidhinisha sheria hiyo tarehe 25 Machi.

Sisi Waswahili tunasema haraka haraka haina baraka, na mara nyingi ni kweli. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anafundisha katika Summa Theologiae kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila uovu, na kwamba huwaongoza watu kwenye fadhila hatua kwa hatua, si kwa ghafla. Je, basi Dundas alikuwa na haki? Tukisoma kwa makini, hapana. Mahali hapohapo Thomas anaeleza kwamba maovu yanayowadhuru wengine, kama kuua na kuiba, sheria lazima iyakataze, kwa sababu pasipo hivyo jamii haiwezi kusimama. Mlevi anaweza kuvumiliwa anapojifunza kuacha pombe. Aliyeiba mtu hawezi kupewa miaka kadhaa ya kuzoea kutoiba. Upole ni fadhila pale anayesubiri anaposubiri kwa hiari yake, na mtu aliyefungwa chini ya sitaha ya meli hakuulizwa kama yuko tayari kusubiri.

Hata hivyo, tusimfanye Wilberforce malaika. Mwaka 1799 aliunga mkono sheria iliyowazuia wafanyakazi wa Uingereza kuungana ili kudai mishahara bora. Na sheria ya 1807 ilikomesha biashara tu. Waliokwisha kununuliwa walibaki watumwa. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliamini kwamba uhuru wao uje polepole. Chama alichosaidia kuanzisha mwaka 1823 kilikuwa na neno "taratibu" ndani ya jina lake! Mwaka 1824 mwanamke wa Quaker, Elizabeth Heyrick, alitoa kijitabu akidai utumwa ukomeshwe mara moja. Wilberforce hakupendezwa na wanawake kujitokeza hadharani katika mambo hayo, lakini ni Heyrick aliyeona vizuri zaidi. Mwaka 1830 chama kililifuta neno hilo.

Wilberforce alikuwa ameacha ubunge mwaka 1825 kwa sababu ya afya. Tarehe 26 Julai 1833 alipata habari kwamba muswada wa kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza umehakikishiwa kupita. Siku tatu baadaye akafariki, akazikwa Westminster Abbey karibu na Pitt. Lakini hata sheria hiyo ilibeba kivuli cha neno lilelile. Wamiliki walilipwa fidia ya pauni milioni 20, watumwa hawakulipwa kitu, na wengi wao walilazimika kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale hadi mwaka 1838.

Na kwetu je? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 66 baada ya kura ile ya London. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea watu waliokombolewa, wengi wao watoto. Kila mwaka wa "taratibu" ulikuwa na watoto wake.

Mpendwa msomaji, baadhi yetu tutakuwa mapadre, na wabunge, madiwani na wenyeviti wa vijiji watakuja kutuomba ushauri kama Wilberforce alivyomwendea Newton. Tuwafundishe uvumilivu wa kurudi baada ya kushindwa, kwa maana huo ndio uliomfikisha alipofika. Na wakituambia kwamba jambo la haki lifanywe taratibu, tuwaulize kwanza ni nani atakayeumia wakati wa kusubiri, na kama yeye amekubali.