Carl Rogers: Aliyetoka Seminari Akawa Mnasihi

Mwaka wa masomo unapofungwa na idadi ya mafrateri ikapungua, nyumbani huulizwa swali moja tu: kafukuzwa au kashindwa? Kwetu Malinyi swali hilo huulizwa nje ya kanisa baada ya misa, wazazi wake wakiwa pale pale, na anayeuliza mara nyingi hasubiri jibu. Kijana alisindikizwa na parokia nzima, jumuiya zikamchangia nauli, baba akauza magunia ya mpunga. Akirudi bila daraja, watu humtazama kama shamba lililobebwa na mafuriko. Ndiyo maana safari hii tumeona tusimulie maisha ya mtu aliyetoka seminari akiwa na miaka 24. Hakuwa Mkatoliki, na yapo aliyoyafundisha tusiyokubaliana nayo. Lakini yeyote anayesomea ushauri nasaha leo hukutana na jina lake mapema.

Carl Ransom Rogers alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, kando ya Chicago, Marekani, mtoto wa nne kati ya sita. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti wa msimamo mkali. Nyumbani mwao hapakuwa na pombe, dansi wala karata. Palikuwa na kazi na sala. Carl alipofikia miaka 12 familia ilihamia shambani, na huko kijana huyo mpweke akawa mkulima kwelikweli. Alifuga nondo wakubwa wa usiku na kuandika habari zao, na akasoma kitabu kinene cha kulisha mifugo, ambamo alijifunza jinsi jaribio linavyofanywa: kundi hili lipewe chakula hiki, lile lisipewe, kisha upime.

Kitu kimoja cha shambani hakikumtoka maisha yake yote. Viazi vilivyowekwa ghalani chini ya nyumba wakati wa baridi vilichipua gizani, machipukizi meupe na dhaifu, yakinyoosha shingo kuelekea kidirisha kidogo kilichokuwa mbali. Kila alipokutana na mtu aliyeharibikiwa, Rogers alikumbuka viazi vile. Wana wa wakulima wa mpunga hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 1919 aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea kilimo. Baada ya muda alihisi wito wa uchungaji, akahamia somo la historia ili kujiandaa. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi wachache wa Marekani waliokwenda Peking, China, kwenye mkutano wa dunia wa wanafunzi Wakristo. Alikuwa safarini zaidi ya miezi sita. Aliwaona Wakristo Wafaransa na Wajerumani wakichukiana bado, miaka 4 baada ya vita, na akakutana na watu wema walioamini tofauti kabisa na baba yake. Aliwaandikia wazazi kila kitu. Lakini barua za meli zilikwenda polepole, na kabla jibu la kumkanya halijafika, yeye alishabadilika. Leo simu ingemkuta mapema, na huenda tusingekuwa na cha kusimulia.

Mwaka 1924 alimwoa Helen Elliott, wakaenda New York. Baba alikuwa tayari kugharimia kila kitu endapo Carl angechagua seminari ya Princeton, iliyoshika mafundisho ya zamani. Carl alichagua Union, iliyokuwa huru zaidi. Huko yeye na wenzake waliomba darasa lao wenyewe, lisilo na mhadhara, lenye maswali yao tu. Wakaruhusiwa. Wengi wao, kwa kuyafuata maswali hayo hadi mwisho, walijikuta nje ya uchungaji. Rogers alikuwa mmoja wao. Aliona kwamba hawezi kufanya kazi inayomlazimu kuamini fundisho fulani ili asiipoteze, na mwaka 1926 akavuka barabara hadi Chuo cha Ualimu cha Columbia kusomea saikolojia.

Hapa mafrateri wa falsafa tuna neno. Imani kwetu si sharti la ajira. Ni jibu kwa Mungu aliyeanza kutuita. Kwa hoja hiyo Rogers alikosea. Lakini kwa mwenendo hakukosea: hakubaki mahali asipoamini kwa sababu ya chakula na heshima, na hakungoja mpaka apewe kundi ndipo alitelekeze.

Kuanzia mwaka 1928 alifanya kazi Rochester, kwenye shirika la kuwalinda watoto dhidi ya ukatili, kwa miaka 12. Waliletwa kwake watoto waliotoka mahakamani, watoro, wezi, waliopigwa. Siku moja mama mmoja alifika kwa sababu ya mwanawe aliyewashinda. Rogers alikuwa na hakika kwamba tatizo ni mama mwenyewe kumkataa mtoto tangu utotoni, akajitahidi kwa wiki nyingi amfanye alione hilo. Haikusaidia. Mwishowe wakakubaliana kuacha. Mama alifika mlangoni, akageuka, akauliza kama watu wazima nao hushauriwa hapa. Akarudi kuketi, akamwaga habari za ndoa yake, kukata tamaa kwake, na mengine ambayo hayakuwamo katika jalada lolote. Rogers hakusema mengi siku hiyo. Mtoto akapona pamoja na mama. Kwa maoni yetu daraja lake la unasihi alilipata hapo, mlangoni, kuliko siku ya shahada yake ya udaktari mwaka 1931.

Kubadili njia kwa sababu ya wagonjwa uliokutana nao kumetokea hata kwetu. Dk. Louise Jilek-Aall, Mnorwei, alikuja Ulanga akiwa daktari wa kawaida, akaanzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu mwaka 1960, wakati wenye kifafa walitengwa kwa hofu ya kuambukizwa. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili huko Kanada. Alifariki mwaka 2022, na anastahili makala yake peke yake.

Turudi kwa Rogers. Wakati ule tiba ya mazungumzo Marekani ilikuwa mali ya madaktari, nao walimpinga asiongoze kituo cha ushauri kwa kuwa hakuwa mmoja wao. Alipigana akashinda. Mwalimu, muuguzi au mchungaji anayeacha kazi yake ya kwanza, akasomea unasihi na kufungua ofisi yake, anapita katika njia ambayo Rogers alisaidia kuifyeka. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 aliacha neno mgonjwa akatumia mteja, na akachapisha mazungumzo yote ya mteja mmoja, neno kwa neno kutoka kwenye santuri, jina likiwa limefichwa. Alitaka kazi hiyo ionekane na ipimwe, kama shamba la majaribio. Chicago, alikofika mwaka 1945, mteja mmoja mwenye hali nzito alimlemea mno, hata akaondoka na Helen kwa miezi kadhaa. Aliporudi aliketi kwenye kiti cha mteja, akasikilizwa na mwenzake wa kazini.

Fundisho lake lilikuwa hili: mnasihi asivae sura ya bandia, ampokee mtu bila masharti, amwelewe kutoka ndani. Aliamini kwamba hayo yakitimia mtu atakua mwenyewe. Sisi tunauliza: na dhambi je? Chipukizi hunyoosha shingo kwenye nuru, lakini binadamu huweza kuiona nuru akageuka. Mwaka 1967 Rogers na wenzake walianza kuendesha vikundi vya mazungumzo kwa masista wa Moyo Safi wa Maria, Los Angeles. Kufikia mwaka 1970 wapatao 300 walikuwa wameacha nadhiri. William Coulson, Mkatoliki aliyefanya kazi naye, baadaye aliilaumu kazi hiyo hadharani. Wengine husema sababu kubwa ilikuwa mvutano wa masista na Kardinali McIntyre. Tukiwapima wote wawili, hatuoni haki kumtwisha Rogers mzigo wote, wala kumwondolea wote.

Uzeeni aliketi na Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast waliokuwa wakiuana, na mwaka 1982 na tena 1986 alikwenda Afrika Kusini, weusi na weupe wakaambiana usoni, chini ya sheria za ubaguzi, mambo ambayo hawakuwahi kuambiana. Kwa sisi tunaojua jinsi mkulima na mfugaji wanavyoketi kikao kimoja bila kutazamana, hilo si dogo. Mwanzoni mwa 1987 alianguka nyumbani kwake La Jolla, California, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, moyo ukasimama, na tarehe 4 Februari akafariki, akiwa na miaka 85.