Masinde Muliro: Waziri aliyepoteza kazi kwa kura moja

Ukishuka matatu Kanduyi, Bungoma, utauona uwanja wa Masinde Muliro. Kakamega kuna chuo kikuu chenye jina hilohilo. Lakini uliza vijana kumi wa rika letu huyu mzee alifanya nini, na wengi watakwambia tu alikuwa mwanasiasa. Basi tumjue.

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 upande wa Kimilili, Bungoma. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, enzi zile serikali ya makaburu ilikuwa ikianza kuweka sheria za ubaguzi. Aliporudi nyumbani miaka ya hamsini alishika chaki, akawa mwalimu. Mwaka wa 1957 Waafrika waliporuhusiwa kuchagua wajumbe wao wa kwanza kwenye baraza la kutunga sheria, aligombea kiti cha Nyanza Kaskazini akashinda.

Baadaye akawa naibu wa Ronald Ngala katika chama cha Kadu. Kadu ilipovunjwa mwaka wa 1964, naye akaingia Kanu. Siasa zake alizifanyia upande wa Kitale, na wakati wa Mzee Kenyatta akapewa uwaziri. Gari, bendera, mshahara mnono. Kwa lugha ya leo, alikuwa ameomoka.

Halafu ukaja mwaka wa 1975. Mwezi Machi, mbunge J.M. Kariuki, aliyekuwa akipiga kelele kuhusu mashamba na utajiri wa wachache, alipatikana ameuawa Ngong. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge kijana, naye pia wa Bungoma. Ripoti ilipofika bungeni, serikali haikutaka ikubaliwe. Mawaziri walijua wanachotarajiwa kufanya: kukaa upande wa serikali na kufunga mdomo.

Muliro alipiga kura ya kuikubali ripoti. Waziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, wakafanya vivyo hivyo. Ripoti ikapita. Wote watatu wakafutwa kazi mara moja.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Siku hizi kila mtu anasema vijana wafundishwe kupinga ufisadi. Shule zina vilabu vya uadilifu, katiba ya 2010 ina Sura ya Sita kuhusu maadili ya viongozi, mabango ya kukataa hongo yako kila ofisi. Sawa. Lakini mafunzo mengi yanatwambia tu hongo ni mbaya, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kile hatufundishwi ni bei ya kukataa. Ukikataa kutoa kitu kidogo, kazi inaweza kwenda kwa mwingine. Ukisema ukweli kuhusu bosi, unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Kijana asiyeambiwa hivyo atashtuka siku ya kwanza, na atalegea.

Ningepewa nafasi ya kuandaa somo hilo Kitale au Bungoma, ningeanza na Muliro. Darasa ligawanywe: huyu waziri, huyu rais, huyu mke anayeuliza karo itatoka wapi. Kisha wapige kura. Somo la pili liwe wilbaro 10 ambazo kaunti ya Bungoma ilinunua mwaka wa 2015 kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Wanafunzi waende dukani waulize bei ya wilbaro moja, wapige hesabu wenyewe, halafu waorodheshe ni watu wangapi walipaswa kutia sahihi na yeyote kati yao angeweza kusema hapana.

Muliro hakuishia kufutwa kazi. Mwaka wa 1991, akikaribia miaka 70, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ford pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na Martin Shikuku, kudai vyama vingi. Desemba mwaka huohuo kifungu cha chama kimoja kikaondolewa. Tarehe 14 Agosti 1992, akitoka London, alianguka akafa katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba hiyo, yeye hayupo.

Uwaziri wake hakurudishiwa. Lakini mawaziri waliobaki vitini siku ile ya 1975, hebu jaribu kutaja watano.