Mzee Chung na Deni la Ng'ombe Mmoja

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka sisi wa kidato cha tatu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu waliwahi majina makubwa. Haikupita dakika tano Mandela akawa amechukuliwa na watu wanne, Wangari Maathai watatu, na Shaaban Robert akagombewa kama mpira wa kona. Mimi nikabaki nimekodoa macho. Mtu niliyemtaka hakuna darasani aliyemjua kwa jina, ingawa jina la kampuni yake wameliona nyuma ya magari. Ni Chung Ju-yung, Mkorea aliyeanzisha Hyundai.

Sababu yangu nitaieleza upesi, maana hii si hadithi yangu. Baba ni fundi wa magari wa jua kali, hapa hapa mtaani. Mwaka jana alifunga kipuri kwenye gia ya matatu ya mteja wake wa miaka mingi, kumbe kipuri chenyewe kilikuwa feki. Matatu ikakwama njiani na abiria tele. Habari zilifika stejini kabla ya matatu yenyewe kuvutwa. Wateja wakaanza kuipita gereji yetu kama hawaioni, na muhula wa pili nikarudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Kwa hivyo niliposikia kwamba kuna gari lililochekwa Marekani nzima kisha likaja kuheshimiwa, nilitaka kujua dawa ilikuwa ipi. Nikaanza kumfuata mwenye gari tangu utotoni mwake.

Chung alizaliwa tarehe 25 Novemba 1915 katika kijiji cha Asan, wilaya ya Tongchon, mahali ambapo siku hizi ni Korea Kaskazini. Wakati huo Korea yote ilitawaliwa na Wajapani. Wazazi wake walikuwa wakulima wachochole, na yeye ndiye kifungua mimba, kwa hivyo ilitarajiwa arithi jembe. Elimu yake iliishia shule ya msingi. Lakini kijana huyu hakutaka jembe hata kidogo. Alitoroka nyumbani mara ya kwanza, akarudishwa. Mara ya pili, akarudishwa. Mara ya tatu akafanya jambo ambalo hata mimi lilinishtua: aliiba won 70, pesa ambazo babake alikuwa amepata kwa kuuza ng'ombe, akapanda gari la moshi hadi Seoul na kujiandikisha katika shule ya uwekaji hesabu. Babake akamfuata huko na kumpata, akamrudisha kijijini. Huyo ng'ombe msimsahau, atarudi.

Mwaka 1933 akatoroka mara ya nne, na safari hii hakurudi. Alibeba mizigo bandarini Incheon, akabeba mawe na mbao kwenye ujenzi, akafanya kazi katika kiwanda cha sharubati tamu, mwisho akaajiriwa katika duka la mchele mjini Seoul kupeleka magunia kwa baiskeli. Alikuja mapema, akafagia, akapanga magunia, akaweka hesabu sawasawa. Mwenye duka alikuwa na mwana wake wa kumzaa, lakini mwana huyo alikuwa mponda mali, basi mzee akaona heri amwachie duka huyu wa kuajiriwa. Chung alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Mwaka 1939 Wajapani wakaanza kugawa mchele kwa kipimo kwa sababu ya vita, na duka likafungwa.

Hapa ndipo anapoingia kwenye gereji, na hapa ndipo nilipoanza kumsomea baba kwa sauti jioni. Mwaka 1940 Chung alikopa pesa akanunua karakana ya kutengeneza magari. Haukupita mwezi, moto ukazuka na kuteketeza kila kitu, pamoja na magari ya wateja. Jamani, fikirini. Mkopo juu ya mgongo, na magari ya watu yamekuwa majivu. Mtu mwingine angetokomea usiku. Yeye alirudi kwa yule yule aliyemkopesha, akamwomba amkopeshe tena ili aweze kuwalipa wenye magari na kuanza upya. Na alikopeshwa! Karakana nyingine za Seoul zilikuwa na tabia ya kukaa na gari siku nyingi ili bili ipande. Chung alilimaliza upesi na kutoza zaidi, na wateja walikubali, kwa kuwa mwenye gari anataka gari lake. (Baba alicheka hapo. Alisema anawajua mafundi wa namna hiyo, akataja wawili, lakini majina siyaandiki.)

Baada ya Wajapani kushindwa vitani alifungua karakana nyingine mwaka 1946 akaiita Hyundai, neno la Kikorea lenye maana ya usasa, na mwaka 1947 akaanza kampuni ya ujenzi. Kisha vikaja vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, na nchi, iliyokuwa imegawika tangu 1945, ikabaki imegawika. Kijiji chake kikabaki upande wa pili wa mpaka asikoweza kwenda.

Vita vilipokuwa vikiisha alipata kandarasi ya kujenga upya daraja la Goryeong. Bei za vitu zikapanda kama moto wa nyikani, na pesa alizoahidiwa zikawa si kitu. Angeweza kuiacha kazi. Hakuiacha. Ndugu zake waliuza nyumba zao ili vibarua walipwe, na daraja likamalizika mwaka 1955 kwa hasara kubwa mno. Lakini serikali ilikuwa inatazama, na mwaka 1957 ikampa kazi ya daraja la mto Han, mjini Seoul penyewe. Miaka ya baadaye alijenga sehemu kubwa ya barabara kuu ya kutoka Seoul hadi Busan, kilomita 428, iliyofunguliwa tarehe 7 Julai 1970. Tusimsifu tu lakini. Watu 77 walikufa katika ujenzi wa barabara hiyo, na wafanyakazi wa Hyundai walipogoma mwaka 1987 walikuwa na mengi ya kulalamikia. Alikuwa bosi mkali, na haraka yake wengine waliilipia.

Kampuni ya magari aliianzisha Desemba 1967, akamweka mdogo wake, Chung Se-yung, aisimamie. Mwanzoni waliunganisha vipande vya Ford Cortina vilivyotoka Uingereza. Gari hilo lilikuwa limezoea lami, nalo Korea ya wakati ule ilikuwa na barabara za mawe na matope. Likawa linaharibika ovyo, na madereva wa teksi wakalilaani. Basi wakaamua kuunda gari lao wenyewe. Lakini wataunda vipi nao hawajui? Walinunua ujuzi: umbo la gari lilichorwa na Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro, injini ilitoka kwa Mitsubishi wa Japani, na mwaka 1974 wakamwajiri Mwingereza George Turnbull, aliyekuwa mkubwa katika kampuni ya British Leyland, aje awafundishe kujenga kiwanda. Mwaka huo huo gari likaonyeshwa Turin, Italia, likiitwa Pony, na mwaka 1976 likaanza kuuzwa. Lilikuwa gari la kwanza kubuniwa kwa ajili ya kampuni ya Kikorea na kutengenezwa kwa wingi.

Mambo ya meli nitayapita mbio, ingawa ndiyo walimu wa biashara huyapenda: jinsi alivyokwenda Uingereza kutafuta mkopo wa kujenga kiwanda cha meli, akatoa mfukoni noti ya won 500 yenye picha ya meli ya zamani ya Kikorea kuonyesha kuwa wazee wake walijenga meli za chuma tangu karne ya 16, na jinsi Mgiriki mmoja alivyoagiza meli kwake kabla kiwanda hakijakuwepo. Turudi kwenye magari.

Mwaka 1986 Hyundai iliingia Marekani na gari lililoitwa Excel. Bei ilikuwa dola 4,995, na jipya, si mtumba. Mwaka huo wa kwanza waliuza magari 168,882. Hakuna kampuni ya kigeni iliyokuwa imeuza hivyo katika mwaka wake wa kwanza huko. Seoul walishangilia. Kumbe furaha ilikuwa ya muda! Baada ya miaka michache magari yakaanza kula kutu, injini zikalegea, rangi ikachujuka, na ukitaka kuliuza hupati mnunuzi. Wachekeshaji wa televisheni walilifanya dondandugu la mzaha. Kila wiki kichekesho kipya. Aliyelinunua alionekana hana pesa ama hana akili. Mwaka 1998 Marekani nzima ilinunua magari ya Hyundai 90,000 hivi tu, na ripoti ya J.D. Power, kampuni inayowahoji wanunuzi wa magari mapya, ilihesabu matatizo 272 kwa kila magari 100 katika siku 90 za kwanza. Yaani gari moja lina makosa karibu matatu kabla hujazoea kiti!

Niliposoma hapo nilimwangalia baba. Alikuwa ameacha kula.

Walichofanya kilianzia pande mbili. Kule Marekani, tawi lao lililoongozwa na Finbarr O'Neill lilitangaza mwaka 1998 dhamana ambayo haikuwa imesikika: injini na gia zingetengenezwa bure kwa miaka 10 au maili 100,000, yaani kilomita 160,000, kwa mwenye gari wa kwanza. Wengi waliona ni wazimu, maana kama gari ni bovu, kampuni itafilisika kwa kulitengeneza. Lakini ujanja ulikuwa papo hapo. Tangu siku hiyo kila kosa la kiwandani likawa hasara ya mwenye kiwanda badala ya mnunuzi, na mwenye kiwanda hawezi kulala.

Na kule Korea, Mzee Chung, sasa ana miaka zaidi ya 80, aliamua kampuni ya magari iende kwa mwanawe, Chung Mong-koo. Mdogo wake aliyeilea tangu mwanzo akaondoka mwaka 1999. Mong-koo hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ameongoza kampuni yao ya huduma kwa wateja, kwa hivyo malalamiko ya madereva aliyajua mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba alipotembelea kiwanda cha Ulsan aliagiza boneti ifunguliwe, akaona nyaya zinaning'inia na boliti za rangi mbalimbali, akaamuru boliti zote zipakwe rangi nyeusi na gari lisitoke mpaka ndani ya boneti pawe nadhifu. Boliti nyeusi haiifanyi injini iwe bora, mtasema. Ni kweli. Lakini fundi aliyelazimika kutazama kila boliti ataiona na ile iliyolegea. Akaongeza wakaguzi wa ubora kutoka 100 hivi hadi 1,000, na gari jipya likawa haliruhusiwi kuuzwa hata kama tarehe imetangazwa, mpaka kasoro ziondolewe.

Mwaka 2000 waliuza Marekani zaidi ya magari 240,000. Mwaka 2004 J.D. Power ikahesabu tena: kutoka 272 yale matatizo yalishuka hadi 102, na Hyundai ikawa bega kwa bega na Honda, nyuma ya Toyota tu. Wale wale wachekeshaji ikabidi watafute kitu kingine. Sisemi yaliisha, mwaka 2015 walianza kuyaita tena kiwandani mamia ya maelfu ya magari huko Marekani kwa ajili ya kasoro za injini.

Matokeo ya mwaka 2004 Mzee Chung hakuyaona. Aligombea urais wa Korea Kusini mwaka 1992 akashika nafasi ya tatu, jambo ambalo halikumletea faida. Alifariki tarehe 21 Machi 2001, akiwa na miaka 85.

Lakini kuna jambo alilolifanya mwaka ule ule wa 1998, magari yake yakiwa bado mzaha. Tarehe 16 Juni alipakia ng'ombe 500 kwenye malori, akavuka nao mpaka wa Panmunjom kwenda Korea Kaskazini, ambako watu walikuwa na njaa. Tarehe 27 Oktoba akapeleka wengine 501. Jumla 1,001. Alieleza kwamba 1 ni yule wa babake, aliyemchukulia pesa zake miaka zaidi ya 60 nyuma, na 1,000 ni riba. Babake alikuwa amekufa zamani.

Nilipomaliza kusoma, baba alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza boliti zile zilipakwa rangi ya namna gani, ya kupuliza au ya brashi. Sikujua. Jumamosi iliyofuata alimwendea mwenye ile matatu akamwambia kwamba atafunga gia nyingine, kipuri kutoka duka la kuaminika, pesa zote juu yake, na ikisumbua kabla ya mwaka kuisha atafungua tena bure. Yule bwana alisema atafikiria. Mpaka ninapompa mhariri ukurasa huu bado hajaja, ila jana jioni utingo wake alipita gerejini, akasimama mlangoni, akauliza kama tuko wazi Jumapili.