Medawar: Aliyeuliza kwa nini mama hamkatai mtoto tumboni

Ng'ombe akizaa pacha, mmoja dume na mwingine jike, yule jike kwa kawaida huwa tasa. Ni hasara ambayo mfugaji wa Kulamawe, kaunti ya Isiolo, hahitaji kuelezwa. Pacha wa aina hiyo ndio waliomsaidia Peter Medawar kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Medawar alizaliwa Brazil mwaka wa 1915, baba akiwa Mlebanoni na mama Mwingereza. Alisomea elimu ya wanyama Oxford. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliombwa kuchunguza kwa nini ngozi ya mtu mwingine, ikipandikizwa kwa majeruhi wa moto, hunyauka na kubanduka. Akiwa Glasgow na daktari Thomas Gibson, aligundua kwamba ngozi ya pili kutoka kwa mtu yule yule hukataliwa upesi zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka. Kumbe ilikuwa kazi ya kinga.

Baada ya vita, yeye na Rupert Billingham walishangaa kuona ndama pacha wasiofanana wakipokea ngozi ya wenzao. Damu yao ilikuwa imechanganyika tumboni, nao wakazoeana kabla ya kuzaliwa. Mwaka wa 1953, pamoja na Leslie Brent, walithibitisha jambo hilo kwa panya.

Mwaka huo huo Medawar aliuliza swali lililowagusa akina mama. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba. Mbona basi mwili wa mama haumtupi kama ngozi ngeni? Alitoa majibu matatu: pengine kondo la nyuma huwatenga, pengine mtoto hajakomaa kiasi cha kutambuliwa, au kinga ya mama hulegea. Yote yameonekana kuwa na upungufu, kwani chembe za mtoto huvuka na kuingia katika damu ya mama. Lakini swali lenyewe halikufa.

Kiharusi kilimpata mwaka wa 1969 akisoma ibada katika kanisa kuu la Exeter. Aliendelea kuandika vitabu hadi alipofariki mwaka wa 1987.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, madaktari wa London waliwadunga wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara chembe nyeupe za damu za waume zao. Kati ya 22, 17 walijifungua. Kati ya 27 waliodungwa chembe zao wenyewe, ni 10 tu. Matumaini yalienea, na biashara ikafuata. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka wa 1999 liliyavunja: waliotibiwa walifaulu kwa asilimia 36, wasiotibiwa asilimia 48. Mwaka wa 2002 Marekani ilizuia tiba hiyo isitolewe nje ya utafiti.

Kinachofaa ni cha kawaida zaidi. Mwanamke ambaye damu yake huganda kupita kiasi kwa sababu ya kinga inayoushambulia mwili wake hupewa aspirini na heparini. Na kwa mama anayeishi na mifugo, kabla ya kuuza ng'ombe agharamie sindano za kinga, kuna la kupima kwanza: bruselosisi, ambayo hupatikana katika maziwa mabichi, huharibu mimba za mbuzi na za watu vilevile, na hutibiwa kwa viuavijasumu.