Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya Aliyeiombea Afrika

Ndugu wana-Chekereni, mkutano mkuu wa chama chetu hauanzi ajenda hata moja kabla hatujasimama na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu, kila mmoja anaujua tangu alipokuwa mstarini shule ya msingi. Ni wimbo wa taifa, lakini ulizaliwa wimbo wa kanisani, na mtunzi wake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa mwaka 1873 hivi huko Uitenhage, Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, mji wa migodi ya dhahabu. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakapata mtoto wa kiume. Alikuwa pia mpiga picha, lakini kilichompa jina ni kwaya ya shule. Aliitungia nyimbo mwenyewe, akiziandika kwenye daftari kwa solfa, zile herufi ambazo walimu wetu wa kwaya wanazitumia hadi leo.

Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, siku alipobarikiwa Mchungaji Boweni, mchungaji wa kwanza Mmethodisti kutoka kabila la Watsonga. Kwaya nyingine zikaupenda, ikiwemo ya shule ya John Dube kule Ohlange. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, kwenye mkutano uliozaa chama kinachoitwa leo ANC. Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923, na mwaka 1927 zilichapishwa beti saba alizoongeza mshairi S.E.K. Mqhayi.

Sontonga hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka 32 hivi.

Mimi kazi yangu ni uhasibu, na hapa ndipo roho huniuma. Daftari lilikuwa moja. Alikusudia kulichapisha, kifo kikamwahi, na walimu wa kwaya walikuwa na desturi ya kuliazima, hatimaye likapotea. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita, yaani nusu shilingi. Na kaburi je? Walipolitafuta miaka ya 1990, walipekua rejesta ya makaburi kwa jina la Sontonga wasimpate. Karani alikuwa amemwandika Enoch, basi. Nadhani kwa mtu mweusi wa enzi ile jina moja lilionekana kumtosha.

Sisi nasi tunao akina Enoch wetu. Wazee wanaowakumbuka walimu wa kwaya wa Chekereni, wa kabla mifereji ya mpunga haijachimbwa, bado wapo, ingawa si wengi. Katika fomu ya ahadi za michango, ukurasa wa mwisho, tumeweka mstari wa jina la mwalimu wa kwaya unayemkumbuka na wimbo aliotunga. Tafadhali andika majina yote, la kwake na la baba yake. Kamati itayachapa katika kijitabu cha mwakani.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika juu ya Kibo, kilele kile kile tunachokitazama tukiwa majarubani asubuhi kabla mawingu hayajakifunika. Taifa jipya lilipata wimbo wake usiku huo, na kaburi la aliyeutunga lilikuwa bado halijulikani. Lilipatikana katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara hapo, na jina la Sontonga likaandikwa juu yake, miaka 91 baada ya maziko.