Frank Sprague, mtu aliyeifundisha mota ya umeme kutii

Kila mtu aliyepanda pikipiki iliyobeba mizigo toka Baraka kwenda Fizi-centre anajua taabu ya mlima. Kwenye tambarare chombo kinakimbia, lakini kikianza kupanda mwendo unaanguka, na dereva asipokuwa mwangalifu mnabaki njiani. Taabu hiyo hiyo, kwa upande wa mota za umeme, ilimsumbua Mmarekani mmoja kwa miaka mingi. Jina lake ni Frank Julian Sprague.

Alizaliwa mwaka 1857 huko Milford, Connecticut. Mama yake alikufa Frank akiwa bado mtoto, akalelewa na shangazi. Alisoma kwenye shule ya maofisa wa jeshi la majini, akamaliza mwaka 1878. Mwaka 1883 aliacha jeshi, akaenda kufanya kazi kwa Thomas Edison. Hakukaa sana. Edison alifikiria taa, Sprague alifikiria mota. Mwaka 1884 akafungua kampuni yake.

Mota za wakati ule, ukiziongezea mzigo zilipunguza mwendo, ukiutoa zilikimbia ovyo. Sprague alitengeneza mota iliyoshika mwendo mmoja hata mzigo ukibadilika. Siri yake ilikuwa kuchezesha nguvu ya sumaku iliyo ndani.

Nyuma ya hapo akajitia kwenye kazi kubwa. Mwaka 1887 alikubali kuweka tramu za umeme katika mji wa Richmond, Virginia: gari 40, mota mbili kwa kila gari, na vilima vikali. Siku alizopewa zilikuwa 90 tu. Alipokwisha kutia sahihi, akashikwa na homa ya tumbo, akalala wiki nyingi.

Usiku mmoja wa majaribio, gari lilipanda kilima likafika juu, halafu likakataa kuendelea: mota imeungua. Watu walijaa pale wakishangaa. Sprague akawaambia ni shida ndogo, akamtuma msaidizi alete vyombo vya kazi, akalala kwenye kiti hadi watu wakatawanyika. Vyombo vilipofika, vilikuwa ni nyumbu wanne wa kuvuta gari!

Kwa nini mota inaungua hivyo? Mota ya umeme wa batri ikizunguka, yenyewe inazaa umeme unaopinga ule unaoingia. Ikisimama, au ikishindwa na mlima, hakuna cha kupinga. Umeme unaingia wote kwa mara moja, waya zinachemka. Ndiyo maana dereva alipewa mkono wa kuzungusha hatua kwa hatua, ili umeme uingie kwa kipimo.

Sprague hakuacha. Alibadilisha meno ya gia na vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, na tarehe 2 mwezi wa pili 1888 tramu zikaanza kubeba watu. Alipata hasara kubwa ya pesa, lakini miji mingine ikamfuata, Boston ikiwa kati ya ile ya kwanza.

Mwaka 1890 kampuni ya Edison ikanunua ya kwake, na jina la Sprague likaondolewa kwenye mashine. Alitoka kwa uchungu. Akaenda kutengeneza lifti za umeme, kisha mwaka 1897 akaonyesha namna dereva mmoja anavyoweza kuongoza mota za mabehewa yote ya treni kwa pamoja. Siku ya majaribio, aliyeshika mkono wa kuendesha alikuwa mtoto wake wa miaka 10.

Sprague alikufa mwaka 1934. Leo kazi ya ule mkono inafanywa na kadi ndogo ya elektroniki, inayokata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. Fundi anayefunga mota kubwa moja kwa moja kwenye batri bila kidhibiti, ili kuokoa pesa kidogo, anarudia usiku ule wa Richmond. Na nyumbu wa kumvuta hana.