Padre Gregor Mendel: Mtawa, Njegere na Ua Lililomshinda

Mwaka 1850 padre kijana wa Shirika la Mtakatifu Augustino alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akashindwa. Mwaka 1856 alijaribu tena, lakini aliugua na kuuacha mtihani. Hivyo Gregor Mendel, ambaye leo hatajwi tu katika kitabu kibovu cha biolojia, alifundisha shuleni Brno miaka 14 akiwa mwalimu wa muda asiye na cheti. Mafrateri wanaosubiri matokeo ya falsafa na walikumbuke hilo.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, leo ndani ya Jamhuri ya Cheki, akabatizwa Johann. Baba yake alikuwa mkulima, na mwaka 1838 aliumizwa na gogo hata asiweze tena kazi nzito. Kijana akasoma kwa njaa. Dada yake mdogo, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka aendelee na masomo. Miaka mingi baadaye Mendel aliwasaidia watoto wa dada huyo kusoma, na wawili wakawa madaktari.

Aliingia monasteri ya Mtakatifu Thoma, Brno, mwaka 1843, akapokea jina la Gregor. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba ufukara ulichangia uamuzi wake. Sidhani kama hilo lapunguza wito wake. Mungu hutumia hata mfuko mtupu. Alipewa upadre mwaka 1847 akatumwa kuhudumia parokia, lakini kuwatazama wagonjwa wakiteseka kulimvunja hata yeye akaugua. Abate Cyrill Napp hakumlazimisha. Alimpeleka kufundisha, kisha chuo kikuu cha Vienna. Abate huyo astahili sifa zaidi ya anazopewa.

Kuanzia mwaka 1856 Mendel alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Ua la njegere hujichavusha lenyewe, kwa hiyo alifungua machipukizi kabla hayajakomaa, akaondoa sehemu za kiume kwa koleo, kisha akatia chavua ya mmea mwingine. Alizivusha njegere za mbegu mviringo na zile za mbegu zilizokunjamana; watoto wote wakawa mviringo. Alipowaacha hao wajichavushe, mikunjo ikarudi. Akahesabu mbegu 7,324: mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Sifa iliyojificha haikuwa imepotea, ilirithiwa kimyakimya. Alifanya hivyo kwa sifa saba, kwa mimea ipatayo 28,000.

Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno mwaka 1865, yakachapwa mwaka 1866. Karibu hakuna aliyeyaelewa.

Je, kanuni za njegere zafaa kwa viumbe wengine? Mendel alijiuliza hivyo mapema. Aliandikiana na profesa Carl Nägeli wa München, akafanya majaribio kwa Hieracium, ua dogo la njano la porini. Huko alikwama. Watoto wa mimea aliyoivusha walifanana na mzazi wao kizazi baada ya kizazi, bila tatu kwa moja. Alichosha macho yake kwa kazi hiyo, na hakujua kwamba ua hilo mara nyingi hutengeneza mbegu bila kuchavushwa, hivyo mtoto ni nakala ya mama. Jambo hilo lilijulikana mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1868 alichaguliwa abate. Kuanzia mwaka 1874 alipigana na serikali juu ya kodi ya monasteri, akagoma kulipa mpaka kifo. Labda alikuwa na haki, ila ugomvi huo ulimla. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Tokeo la Bwana. Karatasi zake nyingi zilichomwa. Mwaka 1900 watafiti wengine walifikia matokeo yaleyale, wakakuta mtawa amewatangulia.

Leo tunajua kilichokunja zile mbegu: kipande cha DNA kilijipachika ndani ya jeni ya kimeng'enya cha wanga na kuiharibu. Rangi ya maua ina kisa kingine. Jeni yake haitengenezi rangi. Huziamuru jeni nyingine ziitengeneze, na katika maua meupe amri hiyo haitoki. Jeni ya ukoo huohuo husimamia rangi ya petunia pia. Spishi nyingi hushiriki jeni zinazofanana, na mara nyingi hutofautiana kwa namna zinavyowashwa na kuzimwa. Wala wingi wa DNA si cheo: jenomu ya njegere, iliyosomwa mwaka 2019, ina herufi zaidi ya bilioni 4, wakati yetu ina bilioni 3 hivi. Vipande vinavyojirudiarudia ndivyo vilivyoijaza.

Mkulima wa mahindi chotara huambiwa asirudishe mbegu shambani, kwa sababu kizazi cha pili huchanganyika kama njegere za Brno. Watafiti sasa wanalichunguza ua lililomshinda Mendel, wapate kujua linavyozaa nakala zake, ili siku moja mkulima huyo apande mbegu alizovuna mwenyewe.